Mvumo Mmoja, Majina Mawili

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi jioni mbele ya wanamuziki vijana hapa Kaloleni, Arusha. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Pale gita liliponisaidia kuzungumza, nimeeleza tu kilichopigwa.

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Kaka na dada zangu, habari za jioni. Wadogo zangu mliobeba vyombo mabegani kutoka Sakina na Unga Limited, na ninyi mliopanda Coaster Moshi tangu adhuhuri, poleni na safari, karibuni.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuendesha bendi. Nilipiga gita la rizim, lile linaloshika mapigo ya wimbo, miaka kumi na minne, siku hizi natengeneza amplifaya, kwa hiyo bendi nyingi za mikoa hii miwili zinapita mezani kwangu. Wanakuja watu watano na spika moja, wanachangishana hela ya ufundi, wanataniana. Mwaka ukipita anakuja mmoja peke yake, anataka nimwambie ile spika ina thamani gani sasa ili wagawane. Hapo huwa siulizi zaidi.

Leo naanza na bendi ya mbali, ya Uingereza, ambayo wengi wenu hamjawahi kuisikia. Inaitwa Spacemen 3. Nimeichagua kwa sababu kuachana kwao kumeingia ndani ya santuri yao ya mwisho, na mtu akiwa na masikio anaweza kusikia kuachana huko. Lakini kwanza sikilizeni hiki.

(Nilipiga kodi ya E, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, mguu ukiwa kwenye pedali ya fazi, ile inayokwaruza sauti ya gita, nikaiacha ilie kama dakika mbili.)

Kodi moja tu. Dakika ya kwanza nimewaona mnatazamana. Dakika ya pili mkatulia, maana sikio limeanza kuona vitu ambavyo mwanzoni halikuviona: kamba mbili zinagombana kidogo, spika inatoa sauti nyembamba kama filimbi juu ya ile nene. Mimi sikuongeza kitu. Vilikuwemo tangu mwanzo. Na kwa sisi wa hapa jambo hili si geni. Nendeni Monduli morani wakiwa kwenye sherehe yao. Mmoja anaongoza wimbo, wengine wote wanavuma kooni, mvumo ni uleule, na miguu inaruka juu ya mvumo huo kama inaruka juu ya ardhi. Hawa Waingereza walijenga bendi nzima juu ya ardhi ya namna hiyo kwa magita ya umeme, na muziki wao ukaitwa roki ya anga za juu.

Walitoka Rugby, mji mdogo wa reli katikati ya Uingereza, ule uliotoa jina la mchezo wa raga. Watu wa Moshi mtanielewa haraka: mji wenye stesheni, mji ambao kijana akisema anataka kuishi kwa muziki anaulizwa anaondoka lini kwenda mji mkubwa. Mwaka 1982, kwenye chuo cha sanaa cha hapo Rugby, walikutana vijana wawili, Peter Kember na Jason Pierce. Si ndugu, lakini wamezaliwa siku moja, tarehe 19 Novemba 1965. Fikirini kukutana na mtu ambaye mna umri mmoja hadi siku, mnapenda sahani zilezile za zamani za bendi za The Velvet Underground na The Stooges, na wote wawili mnaamini kwamba kodi tatu ni nyingi mno. Wakajiunga, Kember akaja kujulikana kama Sonic Boom, Natty Brooker akakaa kwenye dramu, Pete Bain akashika besi. Kember na Pierce walipiga wakiwa wameketi. Jukwaani wenzao wa wakati ule wanarukaruka, wao wamekaa kwenye viti kama mafundi saa, wameinamia magita.

Albamu ya kwanza, Sound of Confusion, ilitoka 1986, nzito, yenye kelele. Ya pili, The Perfect Prescription, ikatoka 1987, na kwangu hiyo ndiyo kazi yao bora kuliko zote. Waliitengeneza kwa miezi kwenye studio ndogo karibu na nyumbani, wakapunguza dramu, wakaingiza kinanda na tarumbeta, wakajifunza kwamba mvumo hauhitaji kupigwa kwa nguvu ili ushike watu. Anayetaka kusikia bendi ikikua aziweke hizo mbili moja baada ya nyingine usiku mmoja.

Sitawaficha jambo la dawa za kulevya. Walizitumia, na Kember hasa alilisema hadharani kwenye magazeti. Wengi wakisimulia habari yao huishia hapo, wanasema unga uliwamaliza. Uliwaumiza, sina shaka. Na kijana asije akaniambia kwamba unga ndio ulioleta muziki ule, kwa sababu katika mji huu huu nimenunua gita la mtu aliyekuwa anapiga kuliko mimi, na nilijua hela inakwenda kwenye kete. Lakini kilichowatenganisha Kember na Pierce kilikuwa kitu kingine, na kitu hicho kinaweza kuwatenganisha watu ambao hawajawahi hata kuvuta sigara.

Nataka niwapeleke kwanza jioni moja. Tarehe 19 Agosti 1988, Watermans Arts Centre, Brentford, magharibi mwa London. Wamealikwa wapige ukumbi wa nje, pale watu wanaposubiri kuingia sinema. Jioni ile ilitangazwa kuwa ya muziki wa sitar, chombo cha kamba cha Kihindi, na sitar hata moja haikuwepo. Wakaketi, wakashika mvumo mmoja, wakaenda nao kama dakika arobaini na tano. Kurekodiwa kulirekodiwa, na baadaye ikatoka kwa jina la Dreamweapon. Ukiisikiliza unawasikia watu wanaongea, na sauti ya tangazo inawaita wenye tiketi waingie sinema. Mvumo hausimami. Unapita juu ya tangazo, juu ya minong'ono, kama maji ya mfereji yanavyopita shambani bila kujali nani amesimama pembeni.

Mpiga besi siku hiyo alikuwa Will Carruthers, mgeni kwenye bendi. Miaka mingi baadaye alisimulia mwenyewe kwamba walipomaliza ndipo alipogundua hakuwa amewasha amplifaya yake. Alipiga muda wote ule na hakuna noti yake iliyosikika, wala hakuna mwenzake aliyegeuka kumtazama. Mimi nimeshika amplifaya nyingi zisizowaka, na kila nikiishika moja namkumbuka. Kwa sababu jioni ile inaonyesha mvumo ulivyo. Mkiwa ndani yake hamjui noti ipi ya nani. Mmoja anaweza kunyamaza na ardhi isitetereke. Ni raha kubwa kwa mwanamuziki, naomba mniamini, hakuna raha kama hiyo. Na humo humo ndimo ugomvi wao ulipojificha, maana siku ikifika ya kuandika jina la mwenye wimbo, ni nani atakayesema hii ilikuwa yangu?

Miaka ya mwanzo walilijibu swali hilo kwa urahisi: nyimbo ziliandikwa kwa majina yote mawili, Kember na Pierce, bila kujali nani alikuja nazo. Mwisho wa 1988 ukatoka wimbo wa Revolution, magazeti ya muziki yakaanza kuwafuata. Februari 1989 ikatoka albamu ya Playing with Fire, kazi iliyowafikisha mbali zaidi ya zote zilizotangulia. Mtu akigeuza jalada lake anakuta majina yametengana. Wimbo huu Kember. Wimbo huu Pierce. Kember alikuwa ameona kwamba nyingi ni zake na haki inagawanywa nusu kwa nusu. Kwa hesabu yake alikuwa sawa. Lakini mimi nimekuwa rizim maisha yangu yote, na naijua kazi ya mtu anayeukuta wimbo wa mwenzake una mifupa mitupu, akaukalia usiku mzima hadi ukapata nyama. Kazi hiyo haina safu yake kwenye jalada. Nafikiri maumivu yalianzia hapo, na yalianza mapema, kabla hela haijawa nyingi. Na hela yenyewe haikuwahi kuwa nyingi.

Agosti 1989 walipanda jukwaa la tamasha la Reading. Hawakupanda jukwaa tena pamoja.

Sasa niwaambie kwa nini mtu wa Moshi anabeba habari hii miaka yote. Sisi tulikuwa watano, mwaka 2003, tunafanyia mazoezi kwenye stoo nyuma ya mashine ya kusaga huko Pasua. Mchana mashine inasaga, hatusikilizani. Tulichukia sana, mpaka siku moja mpiga solo wetu, namwita rafiki yangu na sitamtaja jina, akasema tuache kushindana nayo, tuifuate. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na kitu chochote kinachovuma kwa umeme huo kinaangukia karibu na noti ya G. Jaribuni kesho, tegeni gita karibu na transfoma au friji kuukuu. Tukashusha magita tukaikuta ile noti, tukapiga juu ya mashine. Mama aliyekuwa na zamu ya kusaga akachungulia mlangoni, unga mpaka kwenye nyusi, akasikiliza, akarudi kazini bila kusema kitu. Kesho yake akatuambia tupige tena ule wa jana.

Wakati huo huo mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Ulaya, akifunga mizigo kurudi kwao, aliniachia boksi la kanda. Ndani ilikuwemo Playing with Fire. Nilipoisikia nilikaa chini. Umeme wa Uingereza nao ni mizunguko 50, kwa hiyo amplifaya za Rugby zilivuma noti ileile ya mashine yetu ya Pasua. Vijana wa mji wa reli, mbali kule, walikuwa wamekaa ndani ya sauti tuliyokaa sisi. Nilimpelekea rafiki yangu kanda ile usiku uleule, kwa miguu.

Wimbo wetu wa mashine tukaupiga kwenye hoteli za watalii kwa mwaka na nusu. Ikaja nafasi ya kuurekodi, na mwenye studio akauliza aandike nani. Tulikuwa na daftari moja, lile la kaunta lenye jalada gumu, ambamo tuliandika kila wimbo, kodi zake, na majina juu kabisa. Juu ya wimbo ule palikuwa na majina mawili kwa biki ya bluu, lake na langu. Maneno yote yalikuwa yangu, nilikuwa na uhakika huo. Nikiwa peke yangu stoo nikachukua biki nyeusi nikalikata lake. Mstari mmoja, umenyooka, nilitumia jalada la kanda kama rula. Nakumbuka ncha ya biki ilivyokwama kidogo kwenye karatasi, kisha ikaendelea.

Hakugomba. Alifungua daftari siku ya mazoezi, akalitazama, akalifunga, akaomba ruhusa ya kwenda kununua kamba. Hakurudi. Maneno yalikuwa yangu, ndiyo. Lakini yeye ndiye aliyesema tuifuate mashine. Bila neno lile hakuna wimbo. Nilimtafuta baadaye, alikuwa ameshaanza kazi ya lori la kwenda Holili, tukasalimiana vizuri kama watu wazima, na hatujawahi kupiga tena pamoja. Daftari ninalo. Nimekuja nalo. Akitaka mtu kuliona baada ya maneno haya, nitamwonyesha.

Narudi kwa Waingereza, kwenye ile santuri ya mwisho niliyoitaja. Inaitwa Recurring, ilitoka 1991, na wakati inatoka bendi ilikuwa imeshakufa. Ninyi mmezaliwa wakati wa simu, wengine hamjui kwamba santuri ina pande mbili na ni lazima uinuke uigeuze. Upande wa kwanza wote ni nyimbo za Kember. Upande wa pili wote ni za Pierce. Walirekodi kila mmoja kivyake. Kuna wimbo mmoja tu ambamo wote wawili wanapiga, When Tomorrow Hits, na huo hawakuutunga wao, ni wa bendi ya Mudhoney ya Marekani. Wimbo wa mtu mwingine ndio uliobaki wakiweza kukaa nao chumba kimoja, kwa sababu haukuwa na cha kugombea.

Nimeisikiliza mara nyingi nikitafuta mshindi. Upande wa Kember una mapigo ya mashine, unakwenda kama gari usiku. Upande wa Pierce ni wa polepole, unafanana na sala. Nyimbo zote ni nzuri. Unapofika mwisho wa upande wa kwanza unainuka, unainua sindano, unaigeuza sahani, unaishusha sindano tena. Sekunde chache za kimya, na mkono wako mwenyewe ndio unaowatenganisha. Nimekaa na kimya kile kuliko nyimbo zenyewe.

Pierce alikuwa ameshaanzisha Spiritualized tangu 1990, na wanamuziki wengine wa Spacemen 3 walimfuata. Kember akabaki na jina la Sonic Boom. Msiwaonee huruma kwa upande wa kazi, wote wawili wamefanya makubwa: albamu ya Spiritualized ya 1997 jarida la muziki la NME la Uingereza liliiweka ya kwanza kwa mwaka ule, na Kember ameshika kazi za utayarishaji hadi za bendi ya Marekani ya MGMT mwaka 2010. Mwaka huohuo wa 2010 wenzao wa zamani walikusanyika London kupiga shoo ya kumchangia Natty Brooker, yule mpiga dramu wa mwanzo, aliyekuwa mgonjwa. Kember alikuja. Pierce hakuwemo. Miaka ishirini ilikuwa imepita.

Wazee mlioko mbele naona mnatikisa kichwa, na najua mnamfikiria nani. Mwaka 1970 Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga wakaja kupiga hapa hapa mjini, na Arusha Jazz. Baadaye wakavuka mpaka, wakawa Simba Wanyika. Mwaka 1978 wapigaji wake kadhaa, Omar Shaban mwenye rizim yake akiwa mmoja wao, wakatoka na kuanzisha Les Wanyika, na kutoka huko tukapata Sina Makosa. Muziki uliozaliwa na kuachana kule tunaucheza mpaka leo kwenye harusi. Kwa hiyo sisemi kuachana ni msiba kila mara. Nasema tu kwamba gita lile la rizim la Sina Makosa, linalomfanya kila mtu ukumbini asimame kabla hajasikia neno, mniambie lingeandikwa kwenye safu ipi ya daftari.

Sheria nitaipitia haraka, kwa sababu mnaweza kuisoma. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ndio wanaoisimamia. Haki ya mtunzi inaanza pale kazi inapokuwepo, hata kabla hujaisajili. Inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Wakitunga wengi kwa pamoja, miaka hiyo 50 inahesabiwa tangu afe wa mwisho. Kwa hiyo mnapoandika majina juu ya wimbo mnawaandikia na watoto ambao bado hamjawapata, na watoto wa wenzenu pia. Kusajili ni vizuri, kunasaidia mkibishana. Lakini ofisi itaandika mtakachowapelekea. Haitajua nani alisema tuifuate mashine.

Nimeandaa karatasi, ziko pale kwenye meza karibu na mikisa, na kalamu zipo. Karatasi ina nafasi ya mwenye maneno, mwenye sauti, na nafasi ya tatu niliyoiacha pana bila kichwa. Humo mwandike kitu ambacho wimbo usingekuwepo bila hicho, na aliyekileta. Mjaze mkiwa mmekaa pamoja, jioni ya leo, mkiwa bado mnachekeana, na kila mmoja aweke sahihi mbele ya mwenzake. Mkishindwa kukubaliana kila mmoja apate kiasi gani, andikeni kwamba hamjakubaliana, na muweke tarehe.

Kundi la Majengo, ninyi mmesema mna wimbo mpya mlioumalizia ndani ya Coaster leo mchana. Anzeni ninyi. Njooni wote wanne. Na yule aliyekuwa amelala, akaamka pale Boma Ng'ombe akapiga ule mluzi ambao sasa ndio unaofungua wimbo, yuko wapi? Naambiwa si mwanabendi, alipewa lifti tu. Mwiteni. Kalamu hii hapa.